Mabingwa wa Ziwa: Bundi na Ndege Wenye Rekodi, Kutoka Homa Bay hadi Muhuru

Ziwa Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani linapitwa kwa eneo na Ziwa Superior la Amerika Kaskazini peke yake. Uso wake unakaribia kilomita za mraba 68,800. Kenya ina asilimia 6 tu ya maji hayo, lakini asilimia hiyo ina utajiri wake. Anayepanda boti Homa Bay mjini, akapita Mbita, Rusinga, Takawiri na Mfangano, kisha akateremka kusini kupitia Sindo na Karungu hadi Muhuru kule Migori, anapita mbele ya ndege ambao baadhi yao hawana mpinzani barani Afrika, na wengine hawana mpinzani popote duniani.

Abiria wengi huwapita bila kuwatambua. Ndege amesimama pale kwenye jiwe, boti inapita, safari inaendelea. Ndiyo maana nimewapanga hapa kwa rekodi zao: mkubwa kuliko wote, mwenye sikio kali kuliko wote, mwenye vidole virefu kuliko wote. Nimeanza na bundi kwa kuwa ndiye anayeogopwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Na kila bingwa nimemtaja pamoja na kile anachokitegemea, kwa sababu kila rekodi ya ndege ina kitu kinachoishikilia: mti fulani, mafunjo fulani, samaki fulani, giza la usiku. Kitu hicho kikiondoka, bingwa naye huondoka.

Njia nyembamba kuliko zote: mlango wa Mbita

Mlango wa maji wa Mbita ni kipande chembamba kinachotenganisha Kisiwa cha Rusinga na bara, na kuunganisha Ghuba ya Winam na ziwa kuu upande wa kusini. Katika miaka ya 1980 mlango huo ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yavuke kwenda kisiwani. Watu walivuka kwa urahisi, lakini maji yakakosa njia, na wavuvi na wanasayansi wakalalamika kwa miaka mingi kwamba ghuba ilikuwa imebanwa pumzi. Katika miaka ya 2010 daraja likajengwa, maji yakafunguliwa tena, na boti zikarudi kupita chini yake.

Kwa mtazama ndege, hapa ndipo pa kuanzia. Kingo zote mbili ziko karibu, boti hupunguza mwendo, na ndege wa majini hukaa mahali ambapo jicho tupu linatosha. Minandi hupanua mabawa yao kwenye mawe ili yakauke, yangeyange husimama kwenye maji ya magoti, na midiria hupita juu kwa juu. Ukishalizoesha jicho hapo, safari nzima itakuwa nyepesi.

Bundi mkubwa kuliko wote Afrika: kokoko

Bundi mkubwa kuliko wote barani ni kokoko, ambaye wataalamu walimpa jina la Verreaux. Urefu wake hufikia sentimita 66, na jike, ambaye humzidi dume kwa mbali, anaweza kupita kilo 3. Kumtambua si kazi. Rangi yake ni ya kijivu cha majivu, uso una ukingo mweusi pande zote mbili, na akifumba macho unaona kope za waridi. Hakuna bundi mwingine wa Afrika mwenye kope za namna hiyo.

Kokoko hula karibu chochote anachoweza kukishika: sungura, nungunungu wadogo wa miiba mifupi, kanga, hata ndege wa majini waliolala. Sauti yake ni nzito mno, mguno mfupi mfupi unaotoka kifuani, na usiku wa utulivu husikika mbali juu ya maji. Watoto wake nao hupiga mluzi mkali wa kuomba chakula, na hubaki na wazazi kwa miezi mingi baada ya kujua kuruka.

Anachohitaji ni mti mkubwa wenye kivuli kizito. Kando ya mito na kwenye ufuo wenye mikuyu ya zamani, yeye hushinda mchana kutwa amekaa karibu na shina bila kutikisika. Mkuyu ukikatwa kuchoma mkaa au kuchonga mbao za boti, mwingine wa kufaa huchukua miongo kadhaa kukua. Kokoko hawezi kusubiri muda huo; huhama au hufa.

Nyumba kubwa kuliko zote yenye paa: kiota cha fundichuma

Fundichuma ni ndege wa kahawia, saizi ya kunguru mnene, mwenye kishungi kirefu nyuma ya kichwa kinachofanya kichwa chake kifanane na nyundo. Umbo lake halimvutii mtu sana. Nyumba yake ndiyo inayoshangaza dunia: hujenga mojawapo ya viota vikubwa zaidi vyenye paa miongoni mwa ndege wote. Kiota kimoja kinaweza kufika upana wa mita 1.5, hukadiriwa kuwa na vijiti vipatavyo 10,000, na kikikauka vizuri paa lake linaweza kubeba uzito wa mtu mzima.

Kitazame kwa karibu utaona ufundi wenyewe. Kwanza dume na jike hutandaza vijiti kwenye panda ya mti, kisha huinua kuta kama bakuli, halafu hufunika juu kwa paa zito. Mlango huwekwa chini au ubavuni, mwembamba, umesiribwa kwa tope laini hadi unang'aa, na unaingia kwa ujia hadi kwenye chumba cha mayai ndani. Juu ya paa hurundikwa chochote kilichookotwa: kamba ya wavu, kitambaa, mfupa, karatasi ya nailoni. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na wakiimaliza mara nyingi huanza kiota kingine hata kama hawakihitaji.

Hapo ndipo fundichuma anapokuwa muhimu kwa bundi. Bundi hajengi. Kokoko hulikalia paa la kiota hicho na kutaga juu yake, au humfukuza mwenyewe. Bundi wa ghalani huingia ndani kabisa. Nyoka, nyuki na bata nao hupata makao humo. Ukikiona kiota cha fundichuma kwenye mti unaoinamia maji, mwambie nahodha apunguze mwendo na ulitazame paa kwa makini. Anayekaa humo huenda si aliyejenga.

Bundi aliyeenea zaidi, na sikio kali kuliko yote: babewana

Bundi wa ghalani, yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye Waswahili wa pwani humwita babewana, ndiye bundi aliyeenea zaidi duniani. Yeye na ndugu zake wa karibu wanapatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Huku kwetu hukaa kwenye dari za makanisa na shule, kwenye maghala, kwenye mapango ya mawe na ndani ya viota vya fundichuma.

Rekodi yake kubwa iko masikioni. Majaribio yaliyofanywa Marekani tangu miaka ya 1950 yalithibitisha kwamba anaweza kumkamata panya katika chumba chenye giza totoro kwa kusikiliza tu. Sikio moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo sauti ya jani lililokanyagwa hufika kwenye masikio hayo kwa tofauti ndogo mno, na ubongo wake huitumia tofauti hiyo kujua panya yuko wapi hasa. Uso wake huo nao hukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Manyoya ya mbele ya bawa yana meno madogo yanayovunja upepo, ndiyo maana huruka bila kishindo. Na kwa kuwa macho yake hayageuki ndani ya kichwa, shingo yake yenye pingili 14, mara mbili ya zetu, humwezesha kugeuza kichwa hadi nyuzi 270.

Mambo hayo hayo ndiyo yaliyomletea uadui. Ndege mweupe anayepita juu ya paa usiku bila sauti, kisha akapiga ukelele wa kukwaruza, ni rahisi kumhesabu kuwa mjumbe wa mauti. Waluo humwita bundi *tula*, na katika maboma mengi mlio wake husababisha watu kutupa kijinga cha moto au jiwe. Lakini anapotua kwenye ghala la mahindi, kinachomleta ni panya. Jozi moja yenye makinda hula panya kwa mamia kila mwaka, bila sumu na bila malipo.

Bundi wadogo kabisa: wa lulu na wa vishungi

Baada ya jitu, tuwatazame wadogo. Bundi mwenye madoa ya lulu ana urefu wa takriban sentimita 20, na huonekana hata mchana, akiketi wazi kwenye matawi ya migunga katika Bonde la Lambwe. Nyuma ya kichwa chake kuna mabaka mawili meusi yanayofanana na macho, kwa hiyo adui anayemnyemelea kwa nyuma hujiona kama ametazamwa. Mara nyingi utamgundua kwa sababu ndege wadogo wamemzunguka na kumpigia makelele.

Mwenzake wa vishungi ana uzito wa gramu 60 hivi tu. Mchana hujibana kwenye gome la mti, akajinyoosha na kusimamisha vishungi vyake viwili, hata ukadhani ni kisiki cha tawi lililovunjika. Usiku hutoa mlio mfupi wa kukwaruza na kuurudia kila baada ya sekunde chache, saa nyingi mfululizo. Wawili hawa wamo miongoni mwa bundi wadogo kabisa Afrika. Kwa kipimo cha dunia, bundi mzito kuliko wote ni yule mla samaki wa Blakiston wa Urusi na Japani, anayeweza kupita kilo 4, na mdogo kuliko wote ni bundi wa jangwani wa Mexico na Marekani, mwenye gramu 40 hivi. Kenya ina pia bundi mla samaki, lakini yeye ni wa Mto Tana na Meru, si wa ziwa hili.

Mkubwa kuliko wote anayetulia hewani: mdiria wa rangi mbili

Tukirudi mchana, bingwa anayeonekana kirahisi kuliko wote ni mdiria mweusi kwa mweupe. Hutulia hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga kasi, mwili umesimama wima, kichwa kimeinama na mdomo umeelekea majini. Hata upepo ukiwa umekufa kabisa anaweza kufanya hivyo, na hutajwa kuwa ndege mkubwa kuliko wote wenye uwezo huo. Mwangalie kichwa: mwili unayumba, kichwa hakisogei. Ghafla hufunga mabawa, huanguka kama jiwe, huibuka na dagaa mdomoni, na kama samaki ni mdogo humeza akiwa bado anaruka.

Uwezo huo wa kumeza bila kutua ndio unaompa ziwa zima. Midiria wengi wanahitaji tawi au mti wa kukaa, kwa hiyo hawaachani na ufuo. Huyu huenda hadi kilomita 3 ndani ya maji, mahali ambapo hakuna pa kutua isipokuwa ukingo wa mtumbwi wako.

Maisha yake yamesimuliwa vizuri kuliko ya ndege wengi wa ziwa hili. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza midiria wa Ziwa Victoria na wale wa Ziwa Naivasha, na mwaka 1980 akachapisha tofauti aliyoiona. Naivasha, ambako kuvua kulikuwa rahisi, wazazi waliwafukuza madume wageni waliokuja kusaidia kulisha makinda. Ziwa Victoria, ambako mawimbi ni makali na samaki wenyewe wadogo, wazazi wawili hawakutosha, kwa hiyo waliwakubali wasaidizi hata wasio wa ukoo wao. Ugumu wa maji ndio uliofungua mlango wa nyumba.

Kisha ziwa lenyewe likabadilika. Samaki mbuta, aliyeletwa katika miaka ya 1950 na 1960, alienea kwa kishindo katika miaka ya 1980 na kumaliza aina nyingi za fulu, vile visamaki vya rangi vilivyokuwa chakula kikuu cha mdiria. Uchunguzi uliofanywa upande wa Mwanza ulionyesha kwamba ndege hawa waligeukia dagaa. Leo mdiria na mvuvi wa dagaa wanategemea samaki yule yule. Nyavu zenye matundu madogo kupita kiasi zinapomaliza dagaa wachanga, zinamkata na mdiria.

Kwenye mito, hasa Kuja unapokaribia ziwa, yuko pia mdiria mkubwa kuliko wote Afrika, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 42. Dume ana kifua cha rangi ya kutu, jike ana tumbo la rangi hiyo. Yeye hukaa kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji na kusubiri kaa na samaki wakubwa kidogo.

Korongo mkubwa kuliko wote duniani: Goliathi

Korongo Goliathi anapewa jina la jitu la Biblia kwa haki. Akisimama hufika mita 1.5, mabawa yake hupita mita 2, na hakuna wa jamii yake duniani anayemzidi. Kichwa na shingo ni za rangi ya kahawia nyekundu, mgongo wa kijivu. Husimama peke yake penye maji ya kina kidogo nje ya mafunjo, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kusogeza hata mguu.

Mbinu yake ni subira. Havui visamaki, husubiri mmoja mkubwa, na siku moja samaki wawili au watatu humtosha. Tatizo ni kwamba samaki mkubwa huchukua muda kumezwa, na muda huo una macho juu yake. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe ambaye mlio wake husikika Rusinga na Mfangano asubuhi yote, hushuka kutoka juu ya mti na kumpora. Ndege anayesifiwa kwa uvuvi ni mnyang'anyi hodari vilevile.

Mabawa mapana kuliko yote ufuoni: marabu

Penye mialo ya samaki, kuanzia Homa Bay hadi Sori na Muhuru, marabu ni mwenyeji. Ana upara, ana mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, na watu humwona kuwa ndege wa taka. Lakini mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 3, na amewekwa miongoni mwa ndege wa nchi kavu wenye mabawa mapana zaidi duniani, pamoja na tai kondori wa milima ya Andes.

Utamwona pia Migingo, kisiwa cha jiwe kisichofika nusu ya uwanja wa mpira, kilichojaa mabati hadi ukingoni na kinachotajwa kuwa miongoni mwa visiwa vyenye msongamano mkubwa zaidi wa watu duniani. Hapo marabu na mwewe huondoa matumbo na mabaki ya samaki ambayo yangeozea mlangoni mwa watu. Kazi hiyo hailipwi, na ufuo wenye marabu wachache huanza kunuka mapema.

Vidole virefu kuliko vyote: jakana

Gugumaji lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi walipata hasara kubwa: boti zilikwama, mialo ikafungwa. Jakana alipata uwanja. Ndege huyu wa kahawia mwenye paji la samawati ana vidole virefu kuliko vya ndege wengine wote ukivilinganisha na mwili wake. Vidole hivyo huutawanya uzito wake, kwa hiyo hutembea juu ya majani ya yungiyungi na gugumaji bila kuzama.

Malezi yake nayo yanafaa kutajwa. Jike huwa na madume kadhaa, na kila dume huatamia mayai na kulea makinda peke yake. Hatari ikitokea baba huinama, huwakumbatia makinda chini ya mabawa, na huondoka nao huku miguu yao mirefu ikining'inia pande zote mbili. Ukimwona jakana mwenye miguu mingi kuliko inavyostahili, huyo ni baba aliye kazini.

Mwenye makao finyu kuliko wote: tiva wa mafunjo

Mafunjo, ambayo Waluo huyaita *togo*, yako katika jamii ya ndago na ni miongoni mwa mimea mirefu zaidi ya jamii hiyo: hufika mita 4 hadi 5. Humo ndani anaishi tiva wa mafunjo, ndege mwenye utosi wa manjano, kifua chekundu kinachowaka, mgongo mweusi na mstari mweupe bawani. Ni ndege mzuri kupindukia, na hatoki humo. Haendi shambani wala kwenye miti ya mjini. Dunia nzima, makao yake ni vinamasi vya mafunjo vya Ziwa Victoria na maziwa na mito ya jirani.

Kumwona kunahitaji boti isiyo na kelele. Zima injini, kamata kasia, ingia pole pole kwenye vijia vinavyotumiwa na wavuvi wa kamongo, kisha usikilize. Dume huita kwa mluzi wa kina, jike hujibu papo hapo, na mara nyingi utasikia jozi nzima kabla ya kuona manyoya.

Mafunjo hukatwa kwa ajili ya mikeka, paa na vikapu, na kazi hiyo imewalisha watu kwa vizazi. Yakikatwa kwa zamu huota upya. Yakichomwa ili pawe shamba la mboga, tiva hana pengine pa kwenda, na samaki wanaozalia kwenye mizizi yake hawana pia.

Mgeni wa thamani kuliko wote: mbayuwayu buluu wa Ruma

Safari ya boti ikikufikisha Mbita au Sindo, tenga siku moja ya nchi kavu. Bonde la Lambwe lilihifadhiwa mwaka 1966 na likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Kwa miaka mingi mbung'o na malale waliwaweka watu mbali, na nyasi zikabaki. Katika kilomita zake za mraba 120 kuna makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya, na kati ya Aprili na Septemba kuna mgeni mwenye rangi ya buluu iliyokoza na mkia wa nyuzi mbili ndefu.

Mbayuwayu huyu huzaliana kusini mwa Afrika na hadi nyanda za juu za Tanzania, kisha huja kaskazini msimu wa baridi ya huko. Idadi yake duniani ni ndogo, na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini. Ruma ndiyo hifadhi ya taifa ya Kenya inayojulikana kumpokea kila mwaka. Anahitaji nyasi pana zisizolimwa, hakuna zaidi.

Mdogo na mkubwa: heroe wa Simbi, mwari wa Oyugis

Karibu na Kendu Bay liko Ziwa Simbi Nyaima, shimo la volkano lenye maji ya magadi, linalosimuliwa kuwa lilikizamisha kijiji kilichomnyima mgeni hifadhi usiku wa karamu. Lilitangazwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 2000. Miaka mingine maji yake huzungukwa na heroe wadogo, ambao kati ya aina 6 za heroe duniani ndio wafupi kuliko wote, na pia ndio wengi kuliko wote. Oyugis, kwa upande wake, mwari wenye mgongo wa waridi wamezoea kutaga juu ya miti mikubwa iliyo kando ya nyumba za watu. Mwari ni ndege mkubwa mwenye makelele na kinyesi kingi, na kila mwenye boma aliyeuacha mti wake usimame amefanya kazi ya uhifadhi bila kupewa cheo.

Namna ya kwenda

Ondoka alfajiri. Asubuhi ziwa hutulia, na mchana upepo hugeuka kutoka majini na kuinua mawimbi yasiyo na mzaha. Vaa jaketi la kuokoa maisha, hata kama safari ni fupi na nahodha ni mzoefu. Kodi boti kupitia kamati ya ufuo, wala si kwa mtu uliyekutana naye njiani, na sema mapema kwamba unataka kwenda taratibu. Kati ya Novemba na Machi ziwa hujaa wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo buabua wa mabawa meupe na mbayuwayu wanaofuata mawingu ya usubi juu ya maji.

Kwa bundi, kaa ufuoni baada ya jua kuzama, mahali penye mikuyu. Sikiliza kwanza. Usimmulike bundi machoni, usipige kinasa sauti kumwita mfululizo, na usikaribie kiota. Kila Januari, wajitolea wa Nature Kenya na Makumbusho ya Taifa huhesabu ndege wa majini nchini. Kujiunga nao ni njia nzuri ya kujifunza majina.

Bingwa anayeogopwa

Upande wa pili wa ziwa hili, katika kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, kuna korongo domo-kiatu, yule wa mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi wa huko walimwona kuwa mkosi: ukimwona asubuhi, hupati samaki. Walimfukuza, na wengine walimuua. Mwaka 2006 Mabamba ikawekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, wageni wakaanza kuja kumtafuta ndege huyo kwa mitumbwi kupitia vijia vya mafunjo, na wavuvi wakawa ndio waongozaji. Ndege ni yule yule. Kilichobadilika ni walichokijua watu juu yake, na walichokipata kwa kumwacha hai. Huko Nyeri nako kuna wakulima wanaowalinda bundi wakubwa wa milimani na kuwapokea wageni wanaolipa kuwaona.

Homa Bay na Migori zina kila kinachohitajika kufuata njia hiyo: kokoko kwenye mikuyu, babewana kwenye dari, viota vya fundichuma juu ya maji, na manahodha wanaoujua kila mwamba. Kinachokosekana ni uamuzi. Kamati za ufuo zinaweza kuupigia kura ulinzi wa mikuyu iliyobaki kandokando ya mialo, kama zinavyoamua juu ya nyavu. Shule zinaweza kumfundisha mtoto kwamba bundi aliyetua kwenye ghala amekuja kula panya. Na mzazi anayesikia *tula* akilia usiku anaweza kumwambia mwanawe ukweli: huyo ni jirani, ana sikio kali kuliko lolote tunalolijua, na usiku huu analinda mahindi yetu. Mwacheni.